Gogo la kuokota ufukweni: linafaa kwenye akwariamu au litaniulia samaki?

Swali: "Kaka habari, niko Kigamboni, nina akwariamu ya lita 120, ndani kuna goldfish wanne na konokono kadhaa. Nimeokota gogo ufukweni baada ya zile mvua, zuri mno, limejipinda matawi yake, zito kiasi, ila upande mmoja lina vitundu vitundu na kuna vitu vyeupe kama chokaa vimegandia. Jirani anasema nilichemshe saa moja tu nitumbukize. Anayeniuzia samaki anasema kitu chochote kilichotoka baharini hakifai, chumvi itawamaliza wote. Nimsikilize nani?"

Jibu: Dada yangu, kila mmoja ana kipande cha ukweli lakini usimfuate hata mmoja moja kwa moja.

Tuanze na muuza samaki manake hiyo hofu ya chumvi nakutana nayo sana. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita moja. Sasa chukulia gogo lako limenyonya lita nzima ya maji ya bahari, ambayo ni mengi kwa gogo la kuingia kwenye lita 120, na chukulia chumvi yote imetoka siku ya kwanza ukiwa hujaliloweka hata kidogo. Hiyo ni gramu 35 kwenye lita 120, haifiki hata theluthi ya gramu kwa lita. Goldfish wakiumwa watu huwawekea chumvi gramu moja mpaka tatu kwa lita kama tiba na wanavumilia vizuri tu. Kwa hiyo chumvi peke yake haiwezi kuwaua goldfish wako, na inatoka kirahisi, unaloweka unabadilisha maji basi. Chumvi ndo tatizo dogo kuliko yote kwenye gogo la ufukweni, ila kwa vile ndo linajulikana watu wanaloweka, wanaonja maji, wakiona hayana chumvi wanasema limepona. Hapo ndo samaki wanapokufa.

Jirani naye. Kuchemsha kunaua vilivyo hai, mayai ya wadudu, konokono wa kujificha, ukungu, bakteria, na kunatoa rangi nyingi ya mti mapema. Sawa kabisa. Lakini kuchemsha hakuondoi shaba iliyoingia kwenye mbao, hakuondoi dizeli, hakuondoi dawa ya nguzo, hakuondoi rangi ya boti, na mti wenye sumu ukiuchemsha saa moja bado ni mti wenye sumu. Naomba hili ulishike dada kuliko lingine lolote nitakalosema: sufuria inakuja mwisho. Kwanza unalihukumu gogo, likifaulu ndo linachemshwa, na likifeli hakuna cha kulichemsha, linabaki ufukweni au linaenda bustanini.

Unalihukumuje sasa. Unajiuliza limetoka wapi na limepitia nini. Pwani yetu mkondo wa bahari unakwenda kaskazini mwaka mzima, na masika mito inashusha miti kibao, kwa hiyo gogo ulilookota Kigamboni linaweza kuwa mkoko wa delta ya Rufiji, linaweza kuwa mti wa shambani huko bara ulioangushwa na mafuriko, linaweza kuwa mvinje wa hapohapo ufukweni, na linaweza kuwa kipande cha boti. Hicho cha mwisho ndo nakiogopa.

Angalia kama limewahi kuguswa na fundi. Msumari au hata tundu la msumari lenye kutu pembeni, ukingo ulionyooka kwa msumeno, shimo la duara la drili, chembe za rangi, uzi wa pamba wa kalafati kwenye ufa, ukiona kimojawapo acha kabisa, usijipe moyo. Mbao za vyombo zinapakwa vitu ambavyo kazi yake ni kuua au kufukuza viumbe vya majini. Majahazi na ngalawa za zamani zilipakwa sifa, yale mafuta ya papa, na chini deheni ya shahamu na chokaa, hizo zitakuchafulia maji na harufu haiishi leo wala kesho. Boti za sasa ndo balaa zaidi manake rangi za kuzuia viumbe visigande chini ya boti nyingi zina shaba, na shaba ni sumu kwa konokono na kamba hata ikiwa kidogo sana, konokono wako wataanza kufa wewe hujui kwa nini, samaki watafuata. Nguzo za umeme, nguzo za uzio na mbao za magati nazo zinatiwa dawa, nyingine ya shaba na aseniki ambayo inaacha ukijani flani kwenye mbao, nyingine ni kama lami nyeusi yenye harufu kali. Hizi usizichemshe hata kwa majaribio jikoni kwako, utajifukizia mvuke mwenyewe na watoto.

Na mafuta pia. Fukwe za karibu na bandari na vivuko zina vidonge vyeusi vya lami na mafuta ya injini, gogo likikaa humo linanyonya. Kata kipande kidogo kwa ndani, nusa. Ukisikia dizeli au petroli, hadithi imeisha.

Likionekana ni mti wa asili usioguswa, swali linalofuata ni mti gani, na hapa nakuambia kiukweli gogo lililomenywa magome na bahari halitambuliki kirahisi hata kwa mtu wa misitu. Lakini kuna miti unayoijua wewe mwenyewe ukiiona au ukiinusa, na hiyo usiisogeze karibu na akwariamu. Utupa, wazee walikuwa wanautwanga wanaumwaga mtoni samaki wanaelea, sihitaji kuongeza neno. Mnyaa, huu wa uzio wenye maziwa meupe, nao huua samaki vilevile. Mwarobaini, dawa nzuri kwetu lakini ni kiuatilifu, wadudu na viumbe wadogo wa majini hawauwezi. Mkorosho, una mafuta yanayobabua hadi ngozi ya mtu. Mkaratusi na msonobari, mafuta na utomvu wake hautoki leo. Kwa ujumla mti wowote wenye maziwa, gundi inayonata au harufu kali ya dawa, achana nao, huna sababu ya kubahatisha wakati miti salama ipo mingi.

Njia ninayoitumia kwa gogo nisilolijua ni hii. Chukua kisu kikali paruza vipande vyembamba kutoka ndani ya gogo, sio juu, jaza kiganja, weka kwenye kikombe cha zamani ambacho hutakinywea tena, mwagia maji yanayochemka, funika dakika kumi. Funua unuse palepale, alafu angalia juu ya maji kwenye mwanga. Maji ya kahawia rangi ya chai hayana shida, hiyo ni tanini, rangi ya asili inayotoka kwenye mti. Harufu ya udongo au ya kuni zilizolowa haina shida. Ukiona utando wa mafuta unameremeta rangi rangi juu, au harufu inayokupanda puani kama dawa ya kuchua, au povu linalokaa halipasuki, weka gogo pembeni. Sio kipimo cha maabara lakini kinachuja mengi, na pua yako usiidharau.

Sasa vitundu na chokaa kwenye gogo lako, hapa nakaa kidogo manake ndo kesi yenyewe.

Vile vitundu upande mmoja, kama vina upana wa kalamu ya risasi hivi na ndani vimepakwa kitu cheupe kigumu, vimetobolewa na wale viumbe wanaokula majahazi. Watu wanawaita minyoo ila wao ni jamii ya chaza, wana vigamba viwili vidogo kichwani wanavyochimbia mbao, na wanapochimba wanapaka kuta za handaki lao chokaa. Chokaa nyingine ya nje ni ya vile viumbe vigumu vinavyoganda kwenye mawe na chini ya boti. Ukitaka kuhakikisha dondoshea siki nyeupe, ikitoa mapovu ni chokaa kweli. Chokaa yenyewe haitawaumiza goldfish, wao wanapenda maji magumu kidogo, itapandisha kidogo tu pH, yaani kile kipimo cha asidi ya maji. Tatizo ni kwamba handaki moja linaweza kwenda mbali sana ndani ya gogo wakati kwa nje unaona tundu dogo, na humo ndani kuna mnyama aliyekufa, au wengi. Hiyo ni nyama. Ikiingia kwenye maji ya goldfish inaoza, inatoa amonia ambayo ni sumu kwa samaki, inakula oksijeni, na goldfish wenyewe wanachafua sana maji kuliko samaki wengi, ukijumlisha na hiyo nyama filta inazidiwa.

Kwa hiyo gogo lako, kabla ya yote, chukua msumeno ukate kipande cha upande wenye vitundu, kama sentimita tano. Ukiona ndani mandaki yamejaa kama sega la nyuki, kata tena mbele. Ukifika mahali mbao ni imara haina tundu hata moja, hicho kilichobaki kina nafasi. Ukikata mpaka katikati bado ni mandaki, litupe dada, najua linauma kwa vile ni zuri, lakini hakuna kuloweka kutakakosafisha ndani ya mandaki hayo ukawa na uhakika.

Kipande kilichopona kipime kwa msumari. Bonyeza kwa nguvu sehemu mbalimbali. Msumari ukigoma, mti umekauka na ni mgumu, vizuri. Ukizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, umeoza, na mti uliooza utaendelea kumeguka ndani ya maji na kuvuta oksijeni. Ukikwangua ukakuta ubichi, kijani au unyevu wenye utamu, haujafa sawasawa, uache kivulini penye upepo miezi kadhaa. Na ukikuta weusi ndani wenye harufu ya yai bovu, sehemu hiyo ilikaa kwenye tope lisilo na hewa, hiyo gesi ni sumu kwa samaki, kata uondoe yote.

Baada ya hapo ndo jirani yako anaingia. Sugua kwa brashi ngumu na maji matupu, sabuni usiweke, wala jiki usiweke, mbao inanyonya kila kitu. Kwangua chokaa yote unayoiona. Chemsha kwenye debe au sufuria kuukuu isiyopikiwa tena, saa moja hadi mbili, geuza katikati, mwaga maji, rudia na maji mapya. Kama halienei weka kwenye beseni kubwa mwagia maji ya kuchemka mara kadhaa. Usirudie kuchemsha mara nyingi kupita kiasi, mbao inalainika na itaoza mapema. Kwenye oveni usithubutu, watu wameunguza majiko.

Kisha loweka kwenye ndoo, jiwe juu, badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu mwanzoni, baadaye kwa wiki. Kwa gogo la baharini mimi sikubali chini ya mwezi, na likiwa nene miezi miwili mitatu. Sasa lini ujue chumvi imeisha? Usitegemee ulimi. Kile kipimo kama kalamu cha TDS, kinachosoma chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka kwenye maji, sio ghali, tumbukiza kwenye maji mapya ya bomba andika namba, tumbukiza kwenye maji yaliyokaa na gogo siku tatu andika namba. Zikikaribiana, umemaliza. Ila angalia, kama unatumia maji ya kisima cha huko Kigamboni, vingi vina chumvi yake tayari, kwa hiyo linganisha na maji yaleyale unayolowekea sio na namba ya mtu mwingine. Ukikosa kipimo, kausha maji kidogo ya bomba na kidogo ya gogo kwenye visahani viwili juani, ulinganishe ukoko mweupe unaobaki.

Mwisho ndoo mbili, hapa usiruke. Ndoo moja maji ya akwariamu yako na gogo, ya pili maji hayohayo bila gogo. Ziache wiki moja kivulini. Kama una vipimo vya karatasi pima amonia na pH pande zote mbili. Maji ya gogo yakiwa na amonia na ya pili hayana, ndani bado kuna kitu kinaoza, rudi kuloweka. Yakiwa sawa, weka konokono wadogo wachache kila ndoo, wale wanaojizalia wenyewe kwenye akwariamu, wape kipande cha mchicha, uangalie siku nne tano. Konokono wanagundua shaba kabla ya samaki. Wakitembea kawaida kwenye ndoo zote mbili, mimi ningeliingiza. Wakijifunga kwenye magamba au wakipanda juu kutoka nje ya maji kwenye ndoo ya gogo tu, watoe haraka, gogo limefeli, na hapo usitafute sababu ya kulitetea.

Ukiliingiza, usilibane kati ya vioo viwili hata kama linakaa vizuri, mbao kavu ikinyonya maji inavimba na vioo vinapasuka. Lilaze juu ya jiwe bapa ulifunge na uzi wa nailoni mpaka lizame lenyewe. Piga msasa ncha zote kali, goldfish hasa wenye macho ya kutokeza na mapezi marefu wanajichana kijinga. Na dada, goldfish wanne kwenye lita 120 tayari wamebanana, wakikua watajaza hapo ndani, kwa hiyo chagua kipande kidogo, gogo kubwa linakula nafasi ya maji ambayo wanaihitaji wao.

Wiki za mwanzo utaona utando mweupe kama kamasi au pamba umelizunguka gogo. Usiogope huo, ni ukungu unaokula sukari iliyobaki kwenye mbao, konokono wako wataufurahia, wasipoumaliza usugue kwa mswaki wakati wa kubadilisha maji. Maji yakiwa ya kahawia pia ni tanini tu, badilisha theluthi ya maji kila wiki, au weka kaboni kwenye filta. Wapo wanaoipenda hiyo rangi, wenye samaki aina ya beta wanaweka majani makavu ya mkungu makusudi, huu wa barabarani tunaokula kungu zake, na yanauzwa kwa hela nyingi nje wakati huku tunayafagia na kuyachoma.

Kinachotakiwa kukutisha ni kingine: maji kugeuka ya maziwa, harufu ya yai bovu ukifungua mfuniko, samaki asubuhi wote juu wanatweta midomo wazi, au mapezi yamejikunja hawataki kula. Toa gogo hapohapo, badilisha nusu ya maji, ongeza hewa kwa pampu, alafu ndo uanze kuchunguza. Usisubiri hadi kesho kuona kama watazoea.

Kwa wasomaji wa Mwanza, Musoma na Kisumu mnaookota ziwani, chumvi kwenu haipo ila mna kichocho. Konokono wanaobeba kichocho wanakaa palepale kwenye majani na miti iliyozama ukingoni, kwa hiyo msiingie majini mkachomoa gogo kwa mikono mitupu, chukueni lililokwisha kaa nchi kavu juani, na hilo mlichemshe bila kukosa ili konokono na mayai yao yasihamie sebuleni. Na wenye samaki wa mawe wa Tanganyika au Nyasa, maji ya maziwa hayo yana pH ya juu, karibu 8 hadi 9, mbao inavuta kwenda chini, kwenu mawe ni bora.

Swali ambalo hujauliza lakini nalijibu: kama hili likifeli utumie nini? Tafuta tawi la mpera lililokauka lenyewe juu ya mti au lililokatwa zamani, kwenye uwanja ambao haupulizwi dawa. Ni gumu, limejipinda vizuri, halina utomvu wa kutisha, menya magome yote, chemsha, loweka wiki kadhaa. Kifuu cha nazi kilichosafishwa nyama yote nacho ni pango zuri. Mkoko usiende kukata, kukata bila kibali ni kosa, na mkoko mbichi unatoa tanini nyingi mno, magome yake ndo yale wanayopakia rangi na kulainishia ngozi.

Ukishakata ule upande wenye vitundu nitumie picha ya mkato, mchana, pakiwa pamelowa maji kidogo ili mandaki yaonekane.